Siku Tisini za Ukimya

Zilikuwa zimebaki siku tatu vita viishe, na fundi cherehani alikuwa anamwambia Tusajigwe Mwambene asipumue.

"Ukipumua, mama, kiuno kinanikimbia," alisema fundi, pini tatu mdomoni. "Nataka nishani ikae hapa, kifuani kushoto, itulie. Isining'inie."

"Fundi, mimi nina miaka hamsini na miwili. Kila kitu upande huo kinaning'inia. Nishani nayo itawafuata wenzake."

Fundi alicheka mpaka pini moja ikamdondoka. Nje, mtaa mzima ulikuwa umevishwa mabango: JUMAMOSI TUNASHINDA. Watu wa Nyanda wanapenda mambo yenye ratiba. Kundi la matarumbeta lilikuwa linafanya mazoezi nyuma ya kituo cha mafuta, na kina mama wa kamati ya mapokezi walikuwa wamejipanga mistari miwili wakijifunza vigelegele, maana wengine walikuwa wamesahau. Kila walipovipandisha, Tusajigwe alijikunyata, na pini ikamchoma.

"Tulia basi, mama! Hizi si shangwe zako mwenyewe?"

"Ni zangu," alisema Tusajigwe. "Ndiyo maana zinanichoma."

Fundi akacheka tena. Watu wote walimcheka Tusajigwe, na yeye alipenda hivyo. Aliuza vitumbua stendi akiwa na miaka tisa, alisoma takwimu kwa taa ya duka la jirani, na aliachwa na mume kwa ujumbe wa simu wenye maneno manne, moja likiwa jina lake limekosewa. Maisha yalimpiga mpaka maisha yenyewe yakachoka mkono. Kilichombakiza wima ni utani. Utani ulimpa kazi, marafiki na kiti katika meza za wakubwa. Ulimpa pia kile kitu kingine, ambacho Jumamosi angevishwa kifuani.

*

Ukimwuliza mtu wa Nyanda wanapigana na Bonde kwa sababu gani, anakukunjia uso kama umemwuliza umri wa mama mkwe wake. Vita vilianza kwa ajili ya lango la maji la mto Ruhanje. Mwaka wa pili mto ukahama wenyewe, ukaliacha lango kavu, na pande zote mbili zikaendelea kuligombea. Baadaye vikawa vita vya heshima. Baadaye tena vikawa vita kwa ajili ya waliokufa katika vita vya heshima.

Mwaka wa tatu askari walichoka, wakubwa wakawakabidhi vita tai. Tai ni mashine zenye mabawa. Hazinywi chai, haziombi likizo, hazipokei barua za wake zao. Mkataba uliozikabidhi vita ulikuwa na kifungu kimoja kilichoonekana cha busara: siku upande mmoja utakaposhinda, tai wa pande zote mbili watatua wenyewe na kujifunga, wasiruke tena.

Tatizo likawa kwamba mashine haijui kushinda ni nini. Lazima iambiwe.

Bonde waliwaambia tai wao hivi: tumeshinda siku serikali ya Nyanda itakapoomba radhi. Kwa hiyo tai wa Bonde wakaendelea kuangusha nguzo za umeme na madaraja ya Nyanda mwaka hadi mwaka, maana nani huko Nyanda angeomba radhi? Kule hata mtu akikukanyaga anakuuliza mguu wako ulikuwa unatafuta nini pale.

Nyanda nao waliunda Kamati ya watu kumi na mmoja. Walikaa siku nne. Jenerali mmoja alitaka vilima, ila alipopewa ramani hakujua ni vipi. Waziri mmoja alitaka adui "avunjike moyo," akaulizwa mashine itaupimaje moyo, akasema hiyo ni kazi ya wataalamu. Mtaalamu alikuwa Tusajigwe, aliyeitwa kuja kutunza takwimu. Siku ya nne, saa nane na nusu mchana, chakula kikiwa chumba cha pili na mafuta yameanza kuganda juu ya supu, alipiga kalamu mezani.

"Jamani, mnajitesa. Mtu aliyeshindwa hapigi vigelegele. Bonde wakimaliza siku tisini bila kigelegele hata kimoja, basi tumeshinda. Twendeni tukale."

Walicheka wote. Halafu kicheko kikaisha, na mwenyekiti, ambaye hakuwa amecheka, akasema, "Hiyo inapimika."

Siku ile alikula mapaja matatu ya kuku. Miaka sita imepita, na bado ni yale mapaja yanayomrudia kooni kuliko maneno yenyewe.

Tai walimwaga masikio juu ya Bonde nzima: vidude vyenye ukubwa wa punje ya mchele, mamilioni, kwenye mapaa, mashamba na visima. Ili masikio yajue kutofautisha kigelegele na king'ora au ndege wa porini, yalihitaji mfano wa kujifunzia. Tusajigwe alitoa video ya harusi ya binti wa dada yake.

Hakuna aliyewaambia tai wapige harusi. Hilo ndilo lililoandikwa kwenye kila ripoti, na ni kweli. Waliambiwa tu kinachotakiwa ni ukimya, wakaachiwa watafute njia. Kwanza walizungukazunguka juu ya sherehe, na watu wa Bonde wakapiga vigelegele zaidi kwa kuwakomoa. Mwezi wa tano, kijiji cha Itefula, bi harusi alipotolewa ndani na kina mama wakapaza sauti, tai walishuka. Watu arobaini na mmoja. Jioni ripoti ilifika mezani kwa Tusajigwe ikiwa na mstari mmoja: *Itefula, vigelegele: sifuri.* Kitakwimu ilikuwa sahihi.

Baada ya hapo walishukia nyumba walikozaliwa watoto. Walishukia uwanja wa mpira, mtu alipofunga goli. Bonde ikajifunza. Na sasa ilikuwa siku ya themanini na saba ya ukimya.

*

Sheria ilisema aliyetunga kipimo ndiye atakayesikiliza siku za mwisho kwa sikio lake, athibitishe, atie saini. Basi kutoka kwa fundi Tusajigwe alikwenda moja kwa moja chumba cha kusikilizia, uzi mweupe ukiwa bado umemning'inia begani.

Festo Chengula, fundi mitambo, alimsubiri na mfuko wa karanga. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyefanya naye kazi miaka yote sita bila kumwuliza swali hata moja la kumuumiza.

"Dada Tusa, funga mlango kwanza."

"Ukitaka kuniposa, Festo, umechelewa, nimeshapata nishani."

Festo hakucheka. Alimpa vipokea sauti vya masikioni. "Nimeiweka pembeni tangu wiki iliyopita. Sijamwonyesha mtu. Mashine inasema hapa hakuna kitu."

Kweli mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu zikaja nyayo. Nyayo tupu juu ya ardhi iliyomwagiwa maji, jozi thelathini au arobaini, zikikanyaga pamoja, zikigeuka pamoja. Vitambaa vikipepea. Ncha za vidole zikigonga viganja, taratibu, kama watu wanaompigia makofi mtoto aliyelala. Kisha juu ya vyote ikaja sauti ambayo Tusajigwe hakuwahi kuisikia, nyepesi, yenye maji, wengi kwa mara moja.

Alisikiliza mara tatu ndipo akaelewa. Zilikuwa ndimi. Wanawake wamefungua vinywa, ndimi zinacheza kushoto kulia jinsi zinavyochezaga, na sauti wameizuia kifuani.

Akavivua vile vipokea sauti. "Wanaoana."

"Wiki hii peke yake, mia mbili na sita. Kuna na uzazi, kuna na jando. Wanaoana kutuzidi sisi, dada. Mimi mwenyewe nina mchumba mwaka wa nne huu."

"Wewe tatizo lako ni karanga." Alilisema bila hata kujua kwamba amelisema, mdomo wake ulikuwa na mazoea yake. "Kwa hiyo hawajashindwa."

"Dada, mimi najua nyaya. Hayo ya kushindwa na kutoshindwa mliyafafanua ninyi."

Mlango uligongwa, na kabla ya kujibiwa ukafunguliwa. Festo alizima kila kitu kwa kiganja kimoja. Aliyeingia ni Kanali Luhwago, katibu wa Kamati, mwanamume aliyenyooka kama amepigwa pasi akiwa ndani ya nguo. Alikuwa na bahasha.

"Mama Mwambene. Habari za maandalizi?"

"Nzuri, Kanali. Nimekatazwa kupumua mpaka Jumamosi."

"Nina swali moja, na nataka unijibu kabla ya kutia saini." Alibaki amesimama. "Huu ukimya ni wa kushindwa, au ni wa ujanja? Kwa sababu kama ni ujanja, Kamati inaweza kukaa kesho. Kipimo hatuwezi kukibadili, ila masikio tunaweza kuyafundisha sauti nyingine. Nyayo. Makofi. Chochote wanachojificha nacho. Sina haraka. Nimengoja miaka sita, nitangoja mingine sita."

"Nitasikiliza, nitakwambia."

Alimkabidhi hati. Tusajigwe aliisoma akiwa ameisogeza mbali, miwani kaisahau kwa fundi. Ilisema ushindi wa Nyanda ulitokana na mkakati uliobuniwa na Daktari Tusajigwe Mwambene. Chini yake ilisema: *waliopoteza maisha katika kufanikisha ukimya huo, wakiwemo wa Itefula, walikuwa wapiganaji.*

"Na bi harusi?" aliuliza.

"Ni lugha ya hati tu, Mama."

"Alikuwa kikosi gani, Kanali? Cha hina?"

Festo alikohoa. Kanali alimtazama Tusajigwe kwa muda, na uso wake haukuwa na ukatili. Ulikuwa na uchovu tu.

"Tukishinda, lazima waliokufa wawe wamekufa vitani," alisema. "La sivyo, ilikuwa nini?"

"La sivyo, ilikuwa harusi."

"Basi chagua," alisema Kanali, akatoka.

Lilikuwa jambo rahisi kulieleza, na ndiyo maana lilimkaa kifuani vibaya. Akisema ukweli, kwamba Bonde hawajashindwa, wamejifunza tu kufurahi kwa siri, masikio yangefundishwa nyayo, na tai wangerudi kwenye harusi. Akitia saini, tai wangetua Jumamosi, na watu arobaini na mmoja aliowaua kwa mzaha wa njaa wangegeuzwa askari kwa jina lake, naye angepewa heshima kwa hilo. Ukweli aliutamani kama maji. Kila alipojiona akiusema mbele ya watu alijiona mwepesi. Na wepesi huo ndio uliomtia shaka.

"Festo," alisema baadaye. "Ile simu ya maiti bado inafanya kazi?"

*

Katika miaka yote tisa laini moja tu haikukatwa kati ya Nyanda na Bonde. Ilitumika kutajiana majina ya waliookotwa wamekufa upande usio wao, ili makwao wajue. Watu waliiita simu ya maiti. Upande wa Bonde iliitikiwa na mwanamke aliyeitwa Somoe Ngwele.

"Dakika sita, dada," alisema Festo asubuhi ya Alhamisi. "Nikiulizwa, ulikuwa unamtafuta binamu yako."

Simu iliita mara mbili.

"Taja jina," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima. Nyuma yake kulikuwa na mtu anatwanga kitu, kwa uangalifu sana.

"Sina jina leo. Shikamoo, mama."

Ile marahaba haikuja. Tusajigwe aliingoja, kama mtu anavyongoja ngazi ya mwisho gizani, mguu ukaenda chini bila kitu.

"Naitwa Tusajigwe Mwambene. Mimi ndiye niliye..."

"Nakujua. Wewe ndiye wa vigelegele." Sauti haikupanda wala kushuka. "Huku kwetu una jina, bibie. Mtoto akigoma kuoga tunamwambia tutakuita."

"Mmejuaje? Ilikuwa siri."

"Mlikuwa watu kumi na mmoja mezani. Watu kumi na mmoja hawatunzi siri ya ubwabwa, seuze ya vita. Una nini? Hii laini ni ya wenye shida."

"Nimesikia harusi zenu."

Kutwanga kulikoma.

"Nani mwingine amesikia?"

"Mimi na fundi mmoja. Hatujasema."

"Na unataka nini?"

Usiku kucha alikuwa amepanga sentensi nzuri. Hazikutoka. "Nataka kusema ukweli. Niwaambie watu wetu hamjashindwa. Kwamba Itefula ilikuwa harusi, haikuwa vita. Kwamba nilikuwa na njaa, mama, nikatania. Wallahi nilitania tu."

"Halafu?"

"Halafu wajue."

"Halafu wakijua? Wewe utakuwa umepumua. Sisi je?"

Tusajigwe alihamishia simu sikio la pili.

"Ngoja nikwambie kitu, maana wewe ni msomi, na wasomi mnachelewa," alisema Somoe. "Tulikaa wanawake, wilaya kwa wilaya. Tukaulizana, tunataka kushinda, au tunataka hawa watoto wakue? Wanaume wetu serikalini walitaka tufunge vipaza sauti kwenye minazi, tupige vigelegele mchana na usiku, tuwaonyeshe Nyanda sisi ni nani. Tukawaambia wapige wao. Wakajaribu. Walitoa sauti kama beberu aliyebanwa na mlango." Kitu kidogo kilipita katika sauti yake, hakikufika kuwa kicheko. "Kwa hiyo tuliamua kushindwa. Sikia vizuri: tuliamua. Siku tisini. Wewe unafikiri ukimya ni kukaa tu? Binti yangu amejifungua mapacha mwezi uliopita. Niliuma kanga mpaka jino likatoka. Tumefundisha mabibi wa miaka themanini kucheza ulimi bila sauti. Siku themanini na nane tumemeza, tumebakiza mbili, na wewe unaniletea toba yako hapa, nikushikie?"

"Hati inawaita wafu wa Itefula wapiganaji."

Festo aliangalia saa.

"Yule bi harusi nilimfunda mimi," alisema Somoe. "Siku saba tulikuwa naye ndani. Alikuwa anaogopa kuku. Msichana mzima, kuku akipita anapanda kitandani. Tia saini."

"Mama..."

"Tia saini. Waandike wanavyotaka huko kwenu. Sisi tunajua tulimzika nani. Na hiyo nishani nasikia wanakushonea gauni. Ivae."

"Sistahili kuivaa."

"Ndiyo sababu. Ulitaka nikuvue mimi? Utaivaa, na watakupongeza, na utasema asante. Na hutamwambia mtu ukweli wako mpaka tai wote wawe wamefungwa na kutu imewala mabawa. Hapo utasema, kama utakuwa hai na kama kuna atakayekusikiliza."

"Na wewe? Wewe utanisamehe?"

Kule ng'ambo kutwanga kulianza tena, polepole.

"Bibie, hii simu ni ya maiti," alisema Somoe. "Kama huna jina la kutaja, kata."

*

Jumamosi ukumbi ulijaa tangu saa tatu. Mawaziri walikuwa mstari wa mbele, matarumbeta ukutani, keki ya ghorofa tatu mezani ikiwa na tai wa sukari juu yake. Ramani ya Bonde ilifunika ukuta mzima, nyeusi. Kila sikio lilikuwa nukta ndani ya weusi ule, na hakuna hata moja lililokuwa limewaka. Kona ya juu, saa ilihesabu kurudi nyuma kuelekea saa sita mchana.

Tusajigwe aliketi kwenye kiti cha mthibitishaji, gauni limembana. Saini ilikuwa imekwisha kuwekwa tangu Ijumaa. Alimwambia Kanali ukimya ni wa kushindwa, na Kanali alimtazama kwa muda mrefu akasema vema.

Saa tano na dakika arobaini na moja, nukta iliwaka.

Kengele ililia. Kelele za ukumbini zilikatika. Kutoka kwenye spika ilitoka sauti ya bibi mzee, kigelegele kimoja, chembamba, kilichomtoka mtu kabla hajajua. Na nyuma yake mtoto mchanga, mwenye dakika chache duniani, analia kwa hasira. Kisha kishindo cha kiganja kikifunika mdomo. Kisha kimya, ila mtoto.

Maandishi yakajaza ukuta: KIGELEGELE? NDIYO. HAPANA. MTHIBITISHAJI: SEKUNDE 40.

Kwenye ramani, tai watatu waliokuwa wakizunguka upande wa mashariki waligeuza vichwa.

"Ni nini hicho?" aliuliza waziri mmoja. "Inaanza upya? Inaanza siku ya kwanza?"

Thelathini na tatu. Ukumbi mzima ulimtazama Tusajigwe, na wengi walikuwa na nusu tabasamu, maana walizoea kwamba yeye ndiye wa kuwapoza watu kwa neno moja. Na maneno yalikuwepo. Yalimjia manne au matano kwa pamoja, yote ya kuchekesha. Aliona aibu kwamba hata sasa yalimjia. Aliyaacha yote.

"Si kigelegele," alisema.

"Mama Mwambene, mimi nimesikia..." alianza Kanali Luhwago.

"Sikio la kisheria ni langu, Kanali. Sio lako." Akabonyeza HAPANA.

Ukuta uliuliza tena, kama mashine zinavyouliza mtu akikosea: UNA HAKIKA? Alibonyeza tena, kwa nguvu, mpaka ukucha ukauma. Tai wawili waligeuka mara moja. Wa tatu aliendelea sekunde tano nzima kuelekea kwenye ile nukta, na katika sekunde hizo Tusajigwe hakuwa na mzaha, wala elimu, wala jina. Kisha naye akageuka.

Kanali aliinama mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio lake. "Mimi nina mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nina wajukuu watatu. Najua nilichosikia."

"Basi sema." Alimtazama usoni. "Una dakika kumi na nane. Simama hapo mbele useme, tai watarudi kwenye hiyo nyumba sasa hivi, na tutakuwa hapa hapa mwaka ujao, na mwaka wa mwaka ujao. Sema, Kanali. Mimi sitakukana."

Kanali alinyooka. Aliwaangalia mawaziri, akaangalia keki, akaangalia ile nukta iliyokuwa inafifia. Midomo yake ilisogea kidogo. Halafu akarekebisha kofia yake, ambayo haikuwa imepinda, akarudi kusimama mahali pake. Tangu hapo wakawa wawili wa kuibeba siri ile.

Saa sita kamili tai walitua. Walitua kila mahali kwa wakati mmoja, wa Nyanda na wa Bonde, mashambani, juu ya mapaa, katikati ya barabara, wakakunja mabawa, na kufuli zikalia ndani ya matumbo yao. Tarumbeta zilipasua ukumbi. Watu walikumbatiana. Mama mmoja wa kamati ya mapokezi alilia akimshikilia mtu asiyemjua. Redio ikatangaza kwamba Nyanda imeshinda.

Festo ndiye aliyeona kwanza. Nukta moja chini kusini. Halafu kumi, kando ya mto. Halafu zikawa zinawaka kama moto unavyokimbia kwenye nyasi kavu, wilaya kwa wilaya, mpaka ramani yote ikawa nyeupe na spika zikaanza kukoroma. Zilikuwa sauti za wanawake, maelfu kwa maelfu, vigelegele vya siku tisini vikitoka kwa mkupuo: vya harusi zote, vya mapacha, vya watoto waliofaulu mitihani, vya wale waliozaliwa bila kupokewa kwa sauti. Tarumbeta moja baada ya nyingine ziliacha, kwa sababu hazikusikika tena.

"Punguza hiyo!" alipiga kelele Kanali.

"Kitufe kimekwama, afande," alijibu Festo, mikono yote miwili mfukoni.

Waziri aliyeshika kisanduku cha nishani alibaki amesimama jukwaani, akiutazama ukuta kama mtu aliyekuta wageni nyumbani kwake. "Wanashangilia nini hawa?" aliuliza. Aligeuka kushoto, akageuka kulia. "Mbona wanashangilia? Si wameshindwa?"

Kanali alikuwa anaangalia viatu vyake. Tusajigwe alikuwa na jibu. Lilimjaa kinywa chote, likamgonga meno kwa ndani, na alikuwa na watu mia nne wa kumsikiliza na maikrofoni hatua sita mbele yake. Alilimeza. Lilishuka polepole, likiwa na kona.

Mshereheshaji aliita jina lake. Likapotea ndani ya zile sauti. Akaliita tena. Watu walianza kugeuka kumtafuta, wakitabasamu, wengine tayari wanapiga makofi.

Mara ya tatu alisimama. Alipanda jukwaani akiwa ametanguliza upande wa kushoto, kama mtu anayempelekea daktari mkono uliovunjika, na alipovishwa, alisema asante.